Nilikwenda Kutafuta Kuku Asiyekuwepo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, asifiwe pia na ninyi wa pale karibu na mlango, maana nawajua, mnapenda kuondoka kabla mtu hajafika katikati ya maneno yake. Leo kaeni. Mchungaji amenipa muda mfupi, nami nimemwitikia ndiyo, lakini yeye mwenyewe ananijua.

Wengi mnanifahamu. Kwa wageni waliotutembelea, mimi ni Ma Jonasi, mjane, kibanja changu, yaani shamba la migomba na nyumba ndani yake, kiko pale juu ya barabara, kabla hujafika kisimani. Ninalea wajukuu watatu, wasichana, watoto wa marehemu mwanangu Jonasi. Mama yao alirudi kwao akaolewa tena, wala simlaumu, alikuwa bado binti. Mkubwa ni Kemilembe, mwenye miaka kumi na minne. Wa kati ni Asimwe. Wa mwisho ni Koku, huyo mnayemsikia akiongea wakati bibi yake anaongea.

Nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyotutoa katika njaa. Tena si njaa peke yake. Alinitoa katika majivuno, maana majivuno ndiyo yaliyotangulia kuingia nyumbani kwangu, na njaa ikafuata nyuma ikakuta mlango uko wazi. Nitasema yote. Mkicheka, chekeni, hata mimi sasa nacheka.

Ndugu zangu, nilikuwa mwanamke wa maharage! Mwulizeni yeyote. Wanunuzi wa Nkwenda walikuwa wakifika hapa kwetu Isingiro wanauliza, yule mama wa maharage ya njano yuko wapi? Na mimi natoka, nimejifunga kitenge vizuri, nafungua gunia taratibu, wanaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na kila harage linalotoka ni la njano. Hakuna jekundu, hakuna jeusi, hakuna lenye madoadoa. Wanatikisa kichwa. Mimi nanyamaza, lakini moyoni naimba.

Usafi ule haukuja wenyewe. Kila tukimaliza kupura, nilitandika mkeka uani, nikawakalisha wajukuu, kila mtu na ungo wake. Tulichagua mbegu. Harage lolote lisilofanana na wenzake linatolewa. Asimwe alikuwa mvivu wa kuchagua, na nikikuta jeusi limempita nilimpiga kikofi mkononi na kumwanzisha upya. Nilimwambia, mjukuu wangu, mbegu ndiyo uso wa nyumba, unataka watu waseme uso wetu una madoa? Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu, na yeye na mama yake. Sikuwaza kwamba mama yangu alilima katika mvua nyingine.

Sasa kulikuwa na mama mmoja, Leokadia. Wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa amebebwa mgongoni, akakulia hapa, akaolewa hapa. Anakaa kule pembeni kwenye rweya, yaani ule uwanda wa nyasi nje ya vibanja, mahali ambapo sisi wenye migomba tunakwenda kukata majani tu na kurudi. Alikuwa anakuja kwangu kupalilia kibarua. Mchapakazi, mpole, hasemi mpaka aulizwe. Lakini kila nikimaliza kuchagua mbegu, alikuwa akisimama pale uani, akiniita mawe, yaani mama kwa lugha ya huku, na kuniuliza swali moja.

"Mawe, hayo uliyoyatoa unayapeleka wapi?"

Nami namjibu, "Chukua, kawape kuku wako."

Akayakusanya kwenye kanga, mekundu, meusi, meupe madogo, ya zambarau, yote pamoja, akashukuru na kwenda zake. Hakuwapa kuku. Aliyapanda! Nilipita siku moja nikaliona shamba lake, limechanganyika, huku linatambaa, kule limesimama, jingine lina maua na jingine limekauka. Nilirudi nikawaambia jirani zangu kwamba shamba la Leokadia ni nguo yenye viraka. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mungu anisamehe, na ninyi mliocheka nami mko humu humu, sitawataja.

Zamani mvua ya vuli ilikuwa na adabu. Ilikuwa inabisha hodi mwezi wa tisa, inaingia, inakaa. Ukiisikia kwenye bati, asubuhi unachukua jembe na mbegu, huulizi mtu. Sasa siku hizi, ndugu zangu, mnaijua wenyewe. Inanyesha siku mbili kwa kishindo, watu tunashangilia, tunamwaga mbegu zote ardhini, halafu inaondoka na hairudi kwa wiki nne. Au inakuja wakati maharage yametoa maua, inamwagika mchana kutwa mpaka yanaoza yamesimama.

Msimu wa kwanza ilinidanganya. Nilipanda yote ya njano, yakaota vizuri, jua likayakausha yakiwa na majani mawili mawili. Nikasema, ni bahati mbaya. Msimu wa pili yalifika kwenye maua, ikaja mvua ya kuozesha, nikavuna kiasi cha kujaza sufuria. Msimu wa tatu nilibakiwa na mbegu isiyofika nusu debe. Kemilembe aliniambia, bibi, tungoje kidogo tuone. Mtoto aliniambia! Nikamjibu kwamba nilianza kupanda kabla baba yake hajazaliwa. Nikapanda siku ile ile ya mvua ya kwanza, kwa sababu mkono ulishazoea. Jua likarudi. Yote yakafa.

Migomba nayo ilikuwa imechoka. Ule mkungu wa kubebwa na wanaume wawili ukawa mkungu wa kubebwa na Koku. Na mnajua sisi watu wa huku, mtu asipokula ndizi anasema leo sijala, hata kama ameshiba. Mihogo sikuwa nayo, kwa sababu nilisema mihogo ni ya wasio na kibanja. Viazi vitamu nilikuwa na tuta moja. Tukala kuku wangu mmoja mmoja, wote wanane, yule mweusi wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, akawa wa mwisho, siku ya Pasaka. Baada ya hapo tukawa tunakula mara moja kwa siku, na mimi mara nyingine nilisema nimeshiba kwa harufu.

Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilificha! Nilikuja hapa kanisani nimevaa vizuri. Mkiniuliza habari za nyumbani, nilijibu nzuri, tunamshukuru Mungu. Katika kikundi cha kina mama mmoja wenu aliniomba mbegu ya njano, nikamwambia ngoja kidogo, nitafungua gunia wiki ijayo. Gunia gani? Asubuhi nilibeba jembe na kwenda shambani nikalima udongo mtupu, ili wapita njia waone Ma Jonasi yuko kazini. Nililima udongo usio na kitu, ndugu zangu, na tumbo lisilo na kitu, kwa ajili ya macho ya watu.

Nikaumbuliwa na paredi ya shule. Kemilembe alianguka mbele ya wenzake. Mwalimu akamwuliza jana amekula nini, mtoto akanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kunyamaza. Habari ikafika Rugu kwa shemeji yangu Rwegasira, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Akaja na wazee wawili na mfuko wa unga. Si mtu mbaya. Alikaa kwenye benchi pale uani, akawatazama watoto mmoja mmoja, nikaona macho yake yamelowa.

"Shemeji," akaniambia, "kwa nini hukusema?"

Nikaubeba mfuko wa unga nikauingiza jikoni. Niliporudi akaendelea.

"Basi sikiliza. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili nitakuja. Nikikuta chungu kina kitu, watoto watabaki kwako. Nikikuta mambo ni haya haya, nitawagawa. Siwezi kuwaacha wafe eti kwa kukuheshimu wewe."

Akawagawa pale pale, kwa mdomo. Koku angechukuliwa na yeye kwenda Rugu. Asimwe angekwenda Kayanga kwa shangazi yao. Na Kemilembe angepelekwa Nkwenda kwa ndugu yetu mmoja mwenye nyumba ya wageni, akasaidie kufua mashuka. Ndugu zangu! Mtoto wa miaka kumi na minne, kwenye nyumba ya wageni, njia ya magari ya mpakani! Lakini ningesema nini? Alikuwa na haki. Watoto watatu waliozoea kulala kitanda kimoja wakawa wamegawanywa kabla jua halijageuka, na kosa lilikuwa langu.

Walipoondoka niliingia katikati ya migomba nikapiga magoti. Sitawadanganya kwamba niliomba vizuri. Niligomba! Nilimwambia Mungu, mvua ni yako, jua ni lako, mimi nimefanya kazi yangu, wewe yako umefanya? Nililia, nikanyamaza, nikalia tena. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Ila moyoni likaja jina moja tu, Leokadia. Nikasema, hapana Bwana, mtaje mwingine. Likaja tena, Leokadia. Niliondoka pale nimekasirika, nikakaa siku tatu bila kwenda.

Mnaelewa ugumu wake. Mwanamke mwenye kibanja, mke wa ukoo, mwenye maharage yanayoulizwa na wanunuzi, aende rweya kuomba mbegu kwa kibarua wake! Jirani kwa jirani tunaombana mbegu, hilo ni jambo la kawaida. Lakini juu kuomba chini? Siku ya nne Koku aliniuliza kama Rugu kuna migomba ya kuchezea. Nikachukua fimbo yangu nikatoka.

Njiani nikatunga uongo. Nikasema nikifika nitamwambia natafuta kuku wangu aliyepotea, halafu maongezi yataendelea yenyewe.

Nilimkuta anapalilia. Akaacha jembe.

"Shikamoo, mawe."

"Marahaba. Nimekuja, natafuta kuku wangu. Mweusi, wa kishingo. Labda amepita huku?"

Akanitazama kidogo. Kisha akajifunga kanga kiunoni akasema, "Haya, tumtafute."

Na tukamtafuta! Bwana asifiwe, tukamtafuta kuku ambaye hakuwepo! Leokadia akatangulia, anainama, anafunua majani, anaita kuku kwa sauti yake yote, nami nyuma nainama ninapoinamia yeye. Hakupita njia fupi. Alinipitisha shamba zima, tuta kwa tuta, mpaka mwisho. Na kila nilipofunua majani nikitafuta kuku, niliona maharage.

Jua lililoua yangu lilikuwa limepita na hapa. Ya njano, yale ya kwangu, yalikuwa yamekufa hapa pia, niliona mashina yake makavu. Lakini meusi yalikuwa chini chini, yameshakomaa mapema, maganda yanalia ukiyagusa. Mekundu yenye madoadoa yalikuwa yamepanda mabua ya mahindi na bado yana maua. Meupe madogo yalikuwa yamejificha kivulini mwa wenzake, yamebeba. Lililoshindwa limeshindwa, na jirani yake amesimama. Nikavunja ganda moja nikalifungua. Harage jeusi. Lile lile nililompigia Asimwe kikofi.

Nikakaa chini katikati ya shamba la mtu. Machozi yakatoka yenyewe.

"Leokadia, hakuna kuku."

"Najua, mawe."

"Unajuaje?"

"Nimewaona wakipungua kila nilipokuja kupalilia. Yule wa kishingo nilikuta manyoya yake jalalani, Jumatatu ya Pasaka."

"Sasa mbona umemtafuta?"

Akakaa karibu yangu, akafuta mikono yake kwenye kanga. "Nilijua hukuja kwa ajili ya kuku. Nikasema, akilitembea shamba lote, atakuwa tayari kusema."

Nikasema. Nilimwambia yote, njaa, gunia la uongo, Rugu, Kayanga, na ile nyumba ya wageni. Hakunisuta hata neno moja! Angeweza, na ningestahili. Aliniambia kwamba kwao mwanamke hapandi harage la aina moja. Mama yake alimfundisha kwamba shamba la mbegu moja lina bahati moja tu. Hili linapenda jua, hili linapenda mvua, hili lina haraka, hili linachelewa, na mwaka hautangazi utakuja na nini. "Wewe ulikuwa unanipa kila msimu," akasema, "nami namshukuru Mungu kwamba mama huyu ana macho makali ya kuchagua, hajaniachia hata moja likapotea."

Nilicheka huku nalia. Nilikuwa nimemtunzia mbegu miaka yote ile bila kujua!

Siku hiyo alinituma nikawaite wajukuu, wakamsaidia kuvuna yaliyokomaa, tukagawana, tukapata cha kula. Akanipa mashina ya viazi vitamu nikayapande kule bondeni kwenye unyevu, na vipande vya mihogo vya kuzungushia kibanja. Mihogo kwenye kibanja changu! Niliipanda. Na mbegu akanifungia kwenye kitambaa, za rangi zote, akanishika mkono na kuniambia neno moja, "Usizichague."

Ndugu zangu, dhambi ina mizizi. Nilipofika nyumbani nilizianika, nikakaa kuziangalia, nikakuta vidole vyangu vimeshatoa meusi saba na kuyaweka pembeni! Asimwe akanitazama. Nikayarudisha moja moja, mbele ya mjukuu wangu, nikaona haya.

Mwezi wa tisa mvua ya kwanza ikaja. Kishindo! Kijiji kizima kikatoka na majembe. Nami nilikuwa nimeshafunga mbegu kiunoni Leokadia alipofika. Akachimba shimo mpaka jembe likazama lote, akachukua udongo wa chini kabisa, akaufinya kiganjani. Ukapukutika.

"Bado," akasema.

Hapo ndipo imani yangu ilipopimwa. Watu wanapanda, mimi nimekaa. Wapita njia wananiuliza, vipi Ma Jonasi, umesahau kazi? Mwingine akasema, Ma Jonasi siku hizi amekuwa Mrundi. Mwezi wa kumi na mbili unakuja, shemeji anakuja, na mimi nimekaa na mbegu kiunoni! Nilikuwa naamka nachimba shimo, nafinya udongo, unapukutika. Nachimba tena kesho. Katika kungoja huko tukachimba mitaro ya kukinga maji ndani ya kibanja, mimi na wasichana, tukatandaza majani makavu chini ya migomba, ili mvua itakayokuja isikimbilie barabarani. Kazi ile ilinisaidia nisiwe mwendawazimu.

Jua likarudi, likakaa. Maharage ya watu yakaungua. Niseme ukweli, nilifurahi kidogo, na Mungu anisamehe hilo pia. Kisha mvua ikaja tena, ya pole pole, siku baada ya siku. Nikachimba, nikafinya, udongo ukashikana ukawa donge. Nikapiga kelele nikamwita Kemilembe. Tukapanda nusu ya mbegu. Nusu nyingine tukaipanda wiki mbili baadaye, kwa maana Leokadia alisema usiweke watoto wote kwenye mtumbwi mmoja.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja ikaja mvua ya kuozesha. Nilikwenda shambani nikitembea kwa hofu, na kweli, mengine yalikuwa yamelala, yameoza. Moyo ukashuka. Kisha nikainua macho. Yenye madoadoa yalikuwa yameshapanda kwenye miti niliyoyachomekea, yako juu, hayagusi matope. Na meusi yale yenye haraka, mengi yalikuwa yameshakomaa, tukayavuna mvua ikitunyeshea, tukayakaushia juu ya jiko. Sitawadanganya kwamba nilijaza ghala. Sikujaza. Lakini tangu majani ya maharage yalipofaa kupikwa mboga, kisha maganda mabichi, kisha punje, hakuna wiki iliyopita bila kitu. Nyumba ilianza kunuka chakula. Koku akaanza tena kusumbua watu, na mjue mtoto mwenye njaa hasumbui.

Shule zikafungwa. Shemeji akaja, mtu wa neno lake, na pikipiki mbili na kamba za kufungia magodoro. Nilikuwa jikoni. Nilipotoka nikamkuta Kemilembe amekaa kwenye kizingiti, amefunga nguo zake kwenye kanga, ameukalia mzigo wake. Hakuna aliyemwambia afunge. Alikuwa ameyaweka moyoni tangu ile siku ya benchi, na hakuwahi kuniuliza. Jambo hilo liliniuma kuliko njaa yote.

Shemeji alisalimia, hakukaa. Akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua chungu. Kulikuwa na katogo, ndizi na maharage, mchuzi mzito. Akafunua kapu la maharage makavu. Akatoka nyuma ya nyumba, nikamsikia anakanyaga kwenye matuta ya viazi. Akarudi na harage moja kiganjani.

"Shemeji, mbona maharage yenu kila moja na rangi yake?"

"Ndiyo yaliyokubali kuishi," nikamjibu.

Akakaa kwenye benchi. Tukampakulia. Akala, akamaliza, akainua sahani, Asimwe akamwongeza. Akawaita na wale vijana wa pikipiki wakaja wakala. Nikamletea maji ya kunawa. Kisha akanawa mikono, akageuka kwenye kizingiti pale alipokaa mkubwa.

"Kemilembe," akasema, "fungua huo mzigo, mwanangu. Rudisha nguo zako ndani."

Haleluya! Nilipiga vigelegele mpaka jirani wakaja wakidhani kuna harusi! Kemilembe hakupiga kelele. Aliingia ndani na mzigo wake, akakaa huko kwa muda, alipotoka macho yalikuwa mekundu na alikuwa anacheka. Nami tangu siku hiyo napumua. Mnajua mtu aliyebeba kuni kwa safari ndefu akizitua, shingo inavyobaki kama si yake? Ndivyo nilivyo.

Mvua bado ni mwongo, ndugu zangu. Sikusema imetubu! Msimu huu pia imetuchezea. Lakini haijanikuta na mbegu moja, wala siku moja, wala chakula kimoja. Mihogo ipo, viazi vipo bondeni, migomba imeanza kunenepa kwa yale majani tuliyotandaza. Mbegu zangu sasa ziko katika nyumba saba za kijiji hiki, na yule mama niliyemwambia angoje nifungue gunia, nilimpelekea mwenyewe, nikamwambia na ule uongo. Leokadia leo yuko kwenye misa kwa Wakatoliki wenzake, kigangoni, kwa hiyo naweza kumsifu bila yeye kuninyamazisha. Ni rafiki yangu. Tunapalilia pamoja, kwake na kwangu, na hakuna kibarua kati yetu.

Kama kuna mtu humu ambaye leo nimemwuliza habari za nyumbani akanijibu nzuri, na chungu chake kimefunikwa hakina kitu, nasema nawe, ndugu yangu. Mtumaini Mungu, yeye hakuchoka na mimi hata nilipomgombeza. Lakini akikutajia jina la mtu, usimwambie ataje mwingine. Nenda. Na ukija kwangu huna haja ya kutafuta kuku, sema tu.

Nimemaliza, mchungaji, usisimame. Nataka kanisa lione kitu kimoja. Kemilembe, simama. Asimwe, simama mjukuu wangu, usione haya. Koku, wewe umeshasimama tangu nilipoanza. Ndugu zangu, watazameni. Hesabuni. Wako watatu! Hakuna aliye Kayanga, hakuna aliye Nkwenda. Leo tukitoka hapa wataingia mlango mmoja, watakula sahani moja, watagombea kitanda kimoja. Wote watatu, ndugu zangu! Basi semeni amina, na mseme kwa nguvu, isikike mpaka Rugu.